Kanyaga, Shikilia

Jumberi kaja asubuhi na spana namba nane mfukoni.
Hakubisha hodi. Kasimama getini akikohoa
mpaka mbwa akachoka kumbwekea.
Miaka miwili hatujapeana hata salamu.
Akaliambia geti, si mimi: "Nahitaji mguu."

Mkewe yuko Bari, anaogesha vikongwe wa wenyewe kwa mshahara;
mwanawe yuko jeshini.
Na maji ya breki hayatolewi na mtu mmoja:
mmoja alale chini, mwingine akae juu akanyage.

Niva ya baba ikaingia uani kwa gia ya kwanza, ikinyata.
Akaipandisha jeki, gurudumu la mbele akalizuia kwa kabari.
Nikaitambua ile kabari. Ni mjozi.
Mjozi uleule alioukata hapa nikiwa nimelazwa Kutaisi,
akauza mbao, akalipa deni lake,
akaniachia kisiki nyuma ya banda la kuku.
Sikusema kitu. Nikakalia kiti cha dereva.

"Tunaanza nyuma, kulia. Lile la mbali kabisa."
"Kanyaga."
Nimekanyaga.
"Shikilia."
Nimeshikilia.
Spana ikalia kwi. Pedali ikazama chini ya unyayo
kama donge la siagi.
"Achia."
Na tena. Na tena.

Kwenye kioo cha pembeni nauona mrija
ukitapika ndani ya chupa ya matango ya siki:
maji meusi, chai iliyolala siku tatu jikoni.
"Tangu lini haya?"
"Tangu baba."

Maji haya yana kiu, alikuwa akisema baba.
Yafungie upendavyo, yatanywa unyevu wa hewa,
leo tone, kesho tone,
hata siku ya mteremko mrefu yachemke,
na mguu ukute utupu.
Jumatano alishuka Nakerala na magunia ya mahindi.
Hajanisimulia. Nimeliona bampa tu,
na vumbi jeupe la mwamba kwenye mlango,
nikajumlisha mwenyewe.

Kila baada ya mikanyago mitano nashuka, naongeza maji mapya;
kopo likikauka, hewa inaingia na kazi inaanza upya.
Mkono ukanitetemeka, tone likaangukia bodi.
Akachomoka uvunguni na ndoo na kitambaa:
"Linakula rangi!"
Kama sijui. Pembeni yake lipo kovu la zamani,
rangi imevimba, imebanduka,
tone la mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi
na baba alinipa chupa nishike.
Hakunichapa. Alisema hata gari lina haki ya kuugua ndui.
Jumberi akalitazama kovu, akafuta zaidi ya ilivyohitajika.

Gurudumu la mwisho, mbele kushoto.
Kichwa chake sasa kiko chini ya goti langu, mlango uko wazi.
Ana upara ambao sikuuona ukianza.
"Kanyaga."
"Shikilia."
Maji yakaja meupe, hayana hata kipovu.
Akakaza spana. Nikangoja neno la tatu.
Halikuja. Paja likaanza kunicheza.

"Nimebakiza ubao mmoja," akasema chini huko.
"Wa mjozi. Sikuuuza."
"Wa urefu gani?"
"Wa meza."
Kuku wakapita kati yetu.
"Naweza kuachia?"
"Ah. Achia, achia. Samahani."

Pedali ikasimama juu, ngumu.
Akafunga magurudumu, akanawa kwa sabuni ya magadi,
akaiokota chupa ya maji machafu,
akazunguka nayo kuelekea nyuma ya banda.

"Usimwage huko," nikamwambia. "Kisiki kimechipua."

Akasimama na ile chupa mkononi,
kifuniko amekishika kwa meno,
hajui aiweke wapi.